Jibu Sahihi Lililochelewa: Kompyuta na Udhibiti wa Mitambo Viwandani

Asante, mwenyekiti. Wanafunzi, na nanyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, habari za mchana.

Naanza na kompyuta ya polepole kwelikweli. Mwezi Machi 1959, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco kule Port Arthur, Texas, mashine iitwayo RW-300 ilikabidhiwa usimamizi wa kitengo kimoja cha kemikali. Kompyuta za enzi zile zilijumlisha namba mbili kwa milisekunde 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kuzidisha kulichukua kama milisekunde 20. Kumbukumbu ya RW-300 ilikuwa ngoma ya sumaku inayozunguka. Kwa vifaa hivyo ilishughulikia mitiririko 26, joto katika sehemu 72, presha 3 na vipimo 3 vya mchanganyiko wa kemikali, na ikapanga namna ya kugawa malighafi kati ya vinu vitano. Matayarisho yake yalikula kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka 30.

Simu iliyo mfukoni mwako inaicheka mashine hiyo. Lakini ule ulikuwa mfumo wa wakati halisi, yaani unaojibu kabla muda wa jibu haujapita, tena halali kabisa, kwa sababu mafuta yaliyokuwa ndani ya vinu hayakuwa na haraka. Chombo kikubwa chenye tani za kimiminika hakibadili joto lake ghafla. Hesabu ikichukua sekunde kadhaa, mtambo bado uko palepale ulipopimwa, na jibu linakuta hali ileile lililotungiwa. Anayepanga muda hapa ni mtambo. Kompyuta inaufuata.

Nalisisitiza hili kwa kuwa kila anayekuja kuuza kifaa ananitajia gigahezi, yaani kasi ya prosesa. Sawa, nimesikia. Mimi nataka kujua jambo jingine: siku ambayo kila kitu kimeharibika kwa pamoja, vihisi (sensa) vyote vinapiga kelele na mtandao umejaa, jibu litafika lini? Wastani hautoshi. Mfumo unaojibu kwa milisekunde 2 mara elfu moja, kisha mara moja ukachukua sekunde 3, siuweki kwenye boila. Ule wa milisekunde 50 kila mara, bila kukosa, naupokea. Amri sahihi iliyochelewa ni sawa na kupunguza moto maziwa yakiwa yameshamwagika.

Turudi kwenye historia kidogo. Kompyuta ya Port Arthur haikushika valvu yenyewe. Ilitoa shabaha, yaani kiwango kinachotakiwa kufikiwa, na vidhibiti vya kawaida vilivyokuwapo ndivyo vilivyofungua na kufunga. Ilikuwa busara, maana kompyuta za miaka ile ziliweza kuharibika kila baada ya saa 50 hadi 100. Ikizima, vidhibiti vinabaki na shabaha ya mwisho na kazi inaendelea.

Mwaka 1962 kampuni ya kemikali ya ICI ikaenda mbali zaidi kwenye kiwanda chake cha magadi kule Fleetwood, Uingereza. Iling'oa vidhibiti vya zamani na kuweka kompyuta ya Ferranti Argus, jamii ya mashine ambayo asili yake ni kuongoza makombora ya Bloodhound. Ikapima vigezo 224 na kuendesha valvu 129 moja kwa moja. Hapo ndipo suala la muda lilipokuwa zito. Zamani kila kidhibiti kiliangalia bomba lake bila kupumzika. Sasa kuna macho mamoja yanayozunguka mabomba yote kwa zamu, na lazima uamue zamu ya kila bomba irudi baada ya muda gani. Wahandisi wakapata viwango vya kuanzia ambavyo bado vinafaa: mtiririko upime kila sekunde 1 hadi 3, joto kila sekunde 10 hadi 20. Mwanafunzi anayepima joto la tanuri la saruji mara mia kwa sekunde anakusanya kelele tu, yaani mitikisiko ya kipimo isiyo na maana.

Kuhusu PLC, zile kompyuta ndogo za kuendesha mashine viwandani, nitakwenda haraka, wengi wenu mnalala nazo. Mwaka 1968 kitengo cha Hydramatic cha General Motors kilichoshwa na makabati ya rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme: ukibadilisha modeli ya gari, unabadilisha nyaya. Dick Morley na wenzake wa Bedford Associates wakaleta kifaa kilichoitwa Modicon 084. Namba hiyo ilitokana na kuwa mradi wao wa 84. Lugha yake ilifuata michoro ya rilei ili fundi umeme aisome bila kurudi shule. Uamuzi huo, kwa maoni yangu, umefanya kazi kubwa kuliko prosesa yoyote.

Ila kuna hesabu moja ambayo hata wazoefu huiruka. PLC husoma viingizo vyote, hupitia programu, halafu huandika matokeo, kisha inaanza upya. Tuseme mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Mnadhani itachukua milisekunde 20 kujibu? Kihisi kikiwaka mara tu baada ya PLC kumaliza kusoma, ishara hiyo inasubiri mzunguko wote uishe, inasomwa kwenye wa pili, na tokeo lake linatoka mwishoni mwa huo wa pili. Hiyo ni karibu milisekunde 40, kabla hujaongeza ucheleweshaji wa kihisi na wa valvu. Kwenye mkanda unaokwenda mita 2 kwa sekunde, chupa imeshasogea sentimita 8. Na ishara inayodumu milisekunde 5 tu inaweza kuwaka na kuzimika katikati ya mzunguko, PLC isijue kama iliwahi kuwapo. Fundi atabadilisha kihisi mara tatu, na kihisi kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Sasa, kompyuta moja ikiwa na kazi nyingi zenye vipindi tofauti, nani atangulie? Mwaka 1973 watafiti wa kompyuta Liu na Layland walitoa jibu ninalolipenda kwa unyofu wake. Kazi inayorudi mara nyingi zaidi ipewe kipaumbele, na iwe na ruhusa ya kuikatiza nyingine yoyote. Kama kazi zote zinajitegemea, na jumla ya mzigo wa prosesa haizidi asilimia 69 hivi, kila moja itamalizika kabla ya zamu yake inayofuata, ziwe kazi tatu au mia tatu. Chukua kazi ya milisekunde 3 inayorudi kila 10, nyingine ya 10 kila 50, na ya tatu ya 30 kila 200. Asilimia 30, 20 na 15: jumla 65. Unalala usingizi. Meneja atakuuliza kwa nini umenunua prosesa na kuiacha theluthi yake bila kazi. Mwambie theluthi ile ndiyo aliyoilipia.

Namba za kwenye hesabu hiyo, jamani, ziwe za hali mbaya kuliko zote. Msipime siku ya majaribio wakati mtambo umetulia.

Namalizia na kipande ambacho vitabu vingi hukiacha nje ya mfumo, yaani opereta. Tarehe 24 Julai 1994, kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco kule Milford Haven, Wales, kilipigwa na radi asubuhi, ukazuka moto na mitambo ikayumba. Valvu moja ilikuwa imefungwa huku skrini ikionyesha iko wazi. Kimiminika kikaendelea kuingia mahali kisikoweza kutoka, kikafurika hadi kwenye bomba la kuelekea mwenge wa kuchomea gesi ya ziada, ambalo halikujengwa kubeba kimiminika. Bomba likapasuka, yakamwagika kiasi cha tani 20 za mafuta na gesi, na mlipuko ukafuata. Watu 26 walijeruhiwa, hakuna aliyekufa.

Ilikuwa imepita kama saa tano tangu radi. Muda ulikuwapo. Lakini hakukuwa na skrini iliyoweka pamoja kinachoingia na kinachotoka, na katika dakika 11 za mwisho maopereta wawili walitumiwa alamu 275. Gawanyeni: sekunde 660 kwa alamu 275, ni sekunde 2.4 kwa kila moja. Kompyuta ilikuwa ikifikisha kila alamu upesi, na upesi huo ndio uliowazika.

Kwa hiyo mimi humweka opereta kwenye hesabu ileile ya Liu na Layland. Tuseme mtu mzoefu anahitaji dakika moja kuelewa alamu na kuchukua hatua. Wawili, kwa dakika 11, wanamudu 22. Ukiniletea mchoro wenye alamu mpya, nitakuuliza opereta atafanya nini ikilia na itamchukua muda gani. Ukikosa jibu, ifute, au ipeleke kwenye daftari la matukio ikasomwe kesho.

Nachukua maswali. Naona mkono kule nyuma, karibu.