Mjumbe Hauawi: Mashabiki na Matoleo Marefu ya "The Lord of the Rings"

Asanteni sana. Mwenyekiti amenipa dakika 40, nikamwambia kwa mada hii anajitafutia balaa, maana leo tunawazungumzia watu ambao ukiwapa saa 3 watakudai 4.

Nianzie kibandani. Filamu ya kwanza ya "The Lord of the Rings" mimi sikuiona kwenye jumba la sinema. Niliiona kwenye kibanda umiza, Temeke, nimebanwa kwenye benchi la mbao mbele ya televisheni ndogo. Mwenye kibanda alishika rimoti na alikuwa na msimamo wake: wateja wamelipia mapigano. Wazee wakikaa kuzungumza, anarusha mbele. Frodo, yule hobiti (watu wafupi wa kijijini) aliyebebeshwa Pete ya kichawi ya adui ambayo kila mtu anaitamani, akilengwalengwa na machozi, anarusha mbele. Kile kikao kikubwa cha Rivendell, ambako safari nzima inaamuliwa, kilipita mbio, midomo ya watu ikichezacheza kama ya samaki. Nilitoka pale najua nani kampiga nani. Kwa nini, sikujua. (Kicheko.)

Kwa hiyo toleo langu la kwanza lilikuwa fupi kuliko lolote ambalo muongozaji Peter Jackson aliwahi kulifikiria. Miaka baadaye rafiki yangu akaniazima toleo refu. Nikaketi, na watu wale wakaanza kuongea.

Tuweke hesabu mezani. Filamu ya kwanza ilitoka Desemba 2001 ikiwa na dakika 178, na toleo lake refu, la dakika 208, likatoka kwenye DVD Novemba 2002. Ya pili ilikuwa ya dakika 179, ikafika 223. Ya tatu, iliyobeba Oscar 11 mwaka 2004, iliongezwa dakika 50 hivi. Jumla ya nyongeza ni kama saa 2, yaani filamu nyingine nzima imefichwa ndani ya zile tatu. Ukitaka kuzitazama zote kwa mkupuo, tenga saa 11 na ushei, na mtu wa kukuletea chakula.

Na msidhani ni masazo ya chumba cha uhariri yaliyobandikwa mwishoni. Vipande vilishonwa ndani ya filamu, kazi ya kompyuta ikamaliziwa, na Howard Shore, mtunzi wa muziki wa filamu hizi, akarudi kuandika muziki wa kuifunika mishono. Kila filamu ilikaa kwenye diski mbili, na mbili nyingine zilijaa habari za jinsi ilivyotengenezwa. Mwishoni wakaorodhesha majina ya wanachama wa klabu rasmi ya mashabiki, yanapanda polepole kwa dakika nyingi. Kuna watu walikaa hadi mwisho kulisubiri jina lao lipite. Nami ningekaa.

Sasa, husemwa kwamba shabiki anataka urefu tu, mpe chochote ataridhika. Mimi sikubali. Ukisikiliza vizuri wanachokisifu na wanachokilaani katika saa hizo 2, utaona wanachagua sana. Kipande kinachompa mtu sababu ya kufanya alichofanya, wanakikumbatia. Kipande kinacholeta kishindo tu, hasa kishindo kinachovunja jambo ambalo kitabu kililishikilia, hicho wanakikataa hata kama walikisubiri mwaka mzima.

Chukueni habari ya Faramir. Katika kitabu cha J.R.R. Tolkien, Faramir anamkamata Frodo, anagundua kwamba ana ile Pete, na anasema hata kama angeikuta barabarani asingeiokota. Anamwacha aende. Kaka yake, Boromir, alishindwa kujizuia mbele ya Pete ileile, kwa hiyo wasomaji wanampenda Faramir kwa jambo hilo moja. Kwenye filamu ya 2002 Faramir anamfunga Frodo na kumburuta mpaka Osgiliath ili Pete apelekewe baba yake. Wasomaji waliwaka. Walisema ametukanwa, ametiwa doa ambalo hakuwa nalo.

Mwaka uliofuata likatoka toleo refu, na ndani yake mna kipande kimoja cha kumbukumbu. Boromir, ambaye sisi tulishamzika kwenye filamu ya kwanza, yuko hai, amekomboa mji, anacheka na mdogo wake, wanakunywa. Kisha baba yao Denethor anaingia. Anamkumbatia mkubwa, anamdharau mdogo mbele za watu. Halafu anamwagiza Boromir aende Rivendell amletee ile zawadi kuu. Faramir anajitolea kwenda yeye, na baba anamkejeli.

Basi. Ni dakika chache tu. Lakini sasa unajua kwamba yule mtu aliyemfunga Frodo kamba alikuwa mtoto anayetafuta kupendwa na baba yake. Na Boromir naye, ukirudi kuitazama filamu ya kwanza, hukioni tena kiburi peke yake. Unamwona kijana aliyetwishwa mzigo na mzazi. Filamu haikufuta kosa lililowakera wasomaji. Faramir bado anamburuta Frodo. Ila wengi waliokuwa wakali walilegea, na mpaka leo ukikaa na mashabiki ukawauliza ni kipande gani hakikupaswa kukatwa, hiki hakikosi kutajwa.

Kingine ni zawadi ya Gimli. Gimli ni kibete, na vibete na Waelfi, watu wa kale wasiozeeka, hawaivi chungu kimoja. (Neno "Waelfi" nimelitunga mwenyewe, msinishike shati, ningesema "elfu" tungeishia kwenye hesabu.) Katika toleo refu, wakiwa mtumbwini wanaondoka, Gimli anasimulia kwamba alimwomba Galadriel, bibi mkubwa wa Waelfi, unywele mmoja wa kichwa chake naye akampa mitatu. Legolas, Mwelfi waliye naye safarini, anatabasamu kidogo. Kwa asiyejua, ni tabasamu la urafiki. Lakini aliyesoma maandishi mengine ya Tolkien anajua kwamba zamani sana Fëanor, fundi mkuu kuliko wote wa Waelfi, alimwomba Galadriel unywele mara tatu akanyimwa mara zote. Kibete kapewa mitatu! Filamu haielezi lolote juu ya hayo. Inamwachia anayejua afurahi kimyakimya, na asiyejua naye hapotezi kitu.

Nije kwa Saruman, maana hapa ndipo mashabiki walipoamka kweli. Mwishoni mwa filamu ya pili mchawi huyu ameshindwa, amezingirwa mnarani kwake. Watu wakasubiri mwaka mzima kujua atafanywaje. Desemba 2003 filamu ya tatu ikatoka bila yeye! Kipande chake cha dakika kama 7 kilikatwa, na Jackson akaeleza kwamba kilionekana kama kumalizia filamu iliyopita badala ya kuanza mpya. Christopher Lee, aliyemwigiza, aliumia na hakwenda kwenye uzinduzi. Huyu ndiye mwigizaji pekee katika kundi lile aliyewahi kukutana na Tolkien ana kwa ana, na alikuwa akisema anakisoma kile kitabu kila mwaka. Mashabiki wakakusanya saini kwa maelfu wakidai kipande kirudishwe.

Mwaka 2004 kikarudi. Je, waliridhika? Nusunusu. Sauti ya Lee pale juu ya mnara ni zawadi, hakuna anayebisha. Lakini katika kitabu Saruman hafi pale. Anasamehewa, anatangatanga, anaishia kuharibu kijiji cha hobiti kwa roho mbaya tu, na mtumishi wake aliyemnyanyasa miaka yote ndiye anayemkata koo mlangoni kwa Frodo. Ni kifo cha aibu, kidogo, cha mtu aliyekuwa mkubwa. Filamu ilimwacha mtumishi amchome kisu, sawa, kisha ikamdondosha Saruman toka juu mpaka kwenye gurudumu lenye mwiba wa chuma, na gurudumu likazunguka nalo likamzamisha majini. Nikiri kwamba mara ya kwanza nilipiga kelele za furaha. Mara ya pili nikaona ni kingi mno. Wapo walioweka saini ile halafu wakasema kimoyomoyo kwamba Jackson alikuwa na haki kukikata. Bado wanashukuru kwamba kipo.

Hiyo ni kweli kwa mahusiano mengi, sio filamu tu, lakini tusitoke kwenye mada.

Sasa kile ninachokiona kuwa kosa zito kuliko yote. Mji wa Minas Tirith unashambuliwa, na Gandalf, mchawi wa upande wa wema, anakutana na mfalme wa mazimwi wapanda-farasi. Kitabuni Gandalf yuko langoni juu ya farasi wake, wote wamekimbia, yeye hakutikisika. Wanatazamana. Hatujui nani angeshinda, kwa sababu papo hapo jogoo anawika, kisha pembe za Rohan, wapanda farasi wanaokuja kusaidia, zinasikika kwa mbali. Jogoo wa kawaida, hajui vita wala uchawi, anaamkia alfajiri yake. Mimi kila nikiusoma ukurasa ule mwili unanisisimka.

Toleo refu likaleta nini? Adui anainua upanga, na fimbo ya Gandalf inapasuka vipandevipande. Gandalf anaanguka chali. Mashabiki walipandwa na hasira, na hoja yao ni nzito: huyu mzee alikufa katika filamu ya kwanza, akarudishwa akiwa na nguvu kuliko mwanzo, leo anavunjiwa fimbo kama muwa? Tena kipande hiki hakikuwemo kabisa ukumbini. Aliyeitazama filamu fupi hakuona Gandalf akiaibishwa. Yaani waliomlipia zaidi ndio waliouziwa aibu yake.

Kisa kingine ni cha msemaji wa adui mkuu, anayetoka lango jeusi kuja kuzungumza na Aragorn, mrithi wa ufalme. Mdomo wake wa kutisha umebaki kichwani mwa kila aliyeuona. Kitabuni Aragorn anamkazia macho tu, na yule mtu ananywea, anasema yeye ni mjumbe asiguswe. Hawamgusi. Katika toleo refu Aragorn anasogea na farasi wake na kumkata kichwa.

Ninyi hapa sina haja ya kuwafafanulia. Bibi zenu wamewaambia: mjumbe hauawi. Shabiki wa Uingereza au Marekani ataandika kurasa tatu kueleza kwa nini kile kitendo kinamchafua Aragorn, mfalme anayerudi kurejesha haki. Sisi tuna maneno mawili yanatosha. Sitaki kuwaficha kwamba wapo wanaokipenda, na wanasema Aragorn alikuwa amechokozwa vya kutosha. Nimewasikia. Sijashawishika.

Kuna pia malalamiko ya aina nyingine, ya wanaotazama filamu kama filamu. Katika toleo fupi, meli nyeusi zinatia nanga, maadui wanadhani ni wenzao, kumbe Aragorn anaruka na jeshi la wafu nyuma yake. Mshtuko mzuri. Toleo refu linakuonyesha mapema wafu wakikubali kupigana, na meli zikitekwa. (Jackson mwenyewe yumo humo kama haramia, anapigwa mshale na Legolas.) Ukifika bandarini unajua kila kitu. Hapa nawaunga mkono kabisa wanaopenda fupi, na Jackson naye ameshasema kwamba kwake yeye filamu za ukumbini ndizo filamu zenyewe, na marefu aliwafanyia mashabiki.

Kuhusu "The Hobbit" sitachelewa. Kitabu kimoja kifupi cha 1937, filamu tatu kati ya 2012 na 2014, na zote tatu nazo zikarefushwa! Huko mashabiki wengine walifanya kinyume: walichukua filamu zote, wakazikata wenyewe majumbani, wakatengeneza moja ya saa chache inayofuata kitabu. Niliposikia hilo nilimkumbuka yule mwenye kibanda na rimoti yake. Tofauti ni kwamba hawa walirusha mbele mapigano, wakabakiza mazungumzo. (Kicheko, makofi.)

Naona mkono. Ndiyo, dada pale nyuma.

Anauliza: kwa mtu ambaye hajaona hata moja, aanze na lipi?

Filamu ya kwanza anza na refu moja kwa moja, zile dakika 30 hazina hata moja ya kujutia. Ya pili pia, kwa ajili ya Faramir. Ya tatu tazama fupi kwanza, ili zile meli zikushtue na Gandalf abaki na fimbo yake. Refu utalitafuta mwenyewe baadaye, na utanitafuta tugombane. Na usimpe mtu rimoti. Ukipata zile DVD za zamani, diski ya kwanza ya filamu ya kwanza inakatikia kwenye kikao cha Rivendell: wameshajitolea wote tisa, wamepewa jina kubwa la heshima, halafu Pippin, hobiti mwenzake Frodo, anauliza, sasa tunakwenda wapi? Skrini inazima. Hapo inuka ukaweke chai jikoni.