Kuvu Ikiugua, Mti Hupona

DADA: Tuanze na mti wenyewe. Mchesnati wa Marekani, Castanea dentata, mti mkubwa wa msituni unaozaa kokwa za kuliwa. Mwaka 1904 michesnati ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilianza kukauka. Kufikia 1950 inakadiriwa mabilioni ya miti, kati ya 3 na 4, yalikuwa yamekwisha.

KAKA: Muuaji ni kuvu, Cryphonectria parasitica. Machapisho ya zamani yanaiita Endothia parasitica. Msibabaike, ni ileile. Inaingia penye mkwaruzo, nyuzi zake zinatandaa chini ya gome mithili ya upepeo, na kidonda kikishazunguka shina, kila kilicho juu yake kinakufa. Mizizi hubaki hai, maana vijidudu vya udongoni huikandamiza kuvu. Kwa hiyo visiki vinachipua mpaka leo, machipukizi yanakua miaka michache, yanashikwa tena.

DADA: Hata mikarafuu ya Unguja ina adui wa ukoo huohuo, Cryphonectriaceae. Ila hicho ni kipindi kingine.

KAKA: Haya, tuvuke kwenda Ulaya. Kuvu ilionekana Genova, Italia, mwaka 1938. Baadaye Mwitaliano Antonio Biraghi akagundua vidonda vinavyojifunga vyenyewe. Mfaransa Jean Grente akaotesha kuvu ya vidonda hivyo, ikatoka nyeupe badala ya rangi ya chungwa, tena dhaifu. Akiiweka kando ya ile ya chungwa, nayo inageuka nyeupe.

DADA: Yaani kuvu yenyewe ilikuwa mgonjwa! Inabeba virusi, vinaitwa CHV1.

KAKA: Ndipo anapoingia Sandra Anagnostakis, aliyekuwa mtaalamu wa jenetiki ya kuvu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 yeye na wenzake walionyesha kwamba udhaifu huo unaambukizwa hata kwa kuvu ya Marekani. Lakini mchango wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni swali la kuchosha zaidi: kuvu ipi inakubali kuungana na ipi?

DADA: Si swali dogo. Virusi hivi havisafiri hewani peke yake. Vinavuka pale nyuzi za kuvu mbili zinapoungana, na nyuzi hukaguana kwanza. Jeni zinazotambulika kusimamia ukaguzi huo zipo sehemu 6, kila moja ina sura mbili. Zidisha mbili sita pamoja, 2×2×2×2×2×2: makundi 64 ya kuvu zinazopatana. Zikitofautiana, seli zilizogusana hujiua na virusi hukwama humo, ingawa tofauti nyingine ni hafifu na hupenyeza kidogo.

KAKA: Kupima hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Pika agari ya viazi, jeli ya kuoteshea kuvu, gramu 39 za unga kwa lita ya maji, ichemshe kwa mvuke wa nyuzijoto 121 kwa dakika 15. Ukiongeza miligramu 50 za rangi ya bromokresoli ya kijani, mpaka kati ya kuvu mbili unaonekana vizuri zaidi. Weka vipande viwili vya kuvu, milimita chache kati yake, gizani, nyuzijoto 25, siku saba hivi. Zikipatana, zinakuwa zulia moja. Zisipopatana, ukuta unasimama katikati, na vifuko vya spora, yaani mbegu ndogo za kuvu, vinajipanga pande zote mbili.

DADA: Na watu wanakosea wapi?

KAKA: Wanatenganisha vipande mno, kuvu zinakutana zikiwa zimezeeka. Au wanasahau kuweka kuvu dhidi ya nafsi yake kwenye sahani hiyohiyo, hawana cha kulinganisha. Kosa baya zaidi ni kupima kuvu yenye virusi: ukuta unakuwa hafifu, unadhani zimepatana. Otesha kwanza kutoka spora moja moja, zile zinazotengenezwa bila kujamiiana, kwa sababu baadhi hutoka bila virusi, kisha pima hizo.

DADA: Tuende shambani. Unatoboa gome kuzunguka kidonda, pembeni kabisa ambako kuvu bado inatembea, unajaza uji wa kuvu yenye virusi ya kundi linalopatana na ile ya kidonda, unafunga kwa utepe usikauke. Ukitoboa katikati umepoteza kazi, pale gome limeshakufa.

KAKA: Ulaya makundi ni machache, kwa hiyo dawa ilisambaa mahali pengi. Mashariki mwa Marekani makundi ni mengi, na kuvu zinapojamiiana spora zinazotokana na hapo huzaliwa hazina virusi kabisa. Zinaruka na upepo zikiwa na mchanganyiko mpya wa jeni. Ndiyo sababu unaweza kutibu kidonda hiki kikapona, na cha mita moja juu yake kikaua tawi.

DADA: Kwa mwenye mti mmoja uani, je?

KAKA: Matope. Chukua udongo wa chini ya mti huohuo, ukande, ubandike juu ya kidonda na kupita kingo zake, funga plastiki, acha miezi miwili hivi. Vile vijidudu vinavyolinda mizizi vinafanya kazi ileile juu. Kidonda kipya kikitokea, bandika tena.