Meli ya risasi iliyozama Manza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo vipi? Leo sipo California, nimerudi likizo na niko hapa Manza, kwetu Tanga, upande wa barabara ya Horohoro. Ngoja nigeuze kamera muone. Maji yametoka, mikoko mizizi nje, ghuba shwari kabisa.

Aprili 14, 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya Wajerumani, Rubens, ilikimbilia humu. Walikuwa wameibandika jina Kronborg na bendera ya Denmark, mbao zimejaa sitahani, ukiiona unasema meli ya biashara tu. Kumbe chini imebeba bunduki, mamilioni ya risasi, na makaa ya mawe ya manowari Königsberg iliyojificha Rufiji. Hyacinth, manowari ya Waingereza, ilikuwa nyuma yake, injini moja ikagoma, Rubens ikapenya. Mabaharia wakaizamisha wenyewe pasipo kina kirefu, zile mbao za juu wakazitia moto. Mwingereza akaona moshi, akajua imekwisha, akaondoka.

Risasi zilikuwa salama chini ya maji! Salama, ila zimelowa. Wazamiaji wakazitoa. Halafu ikaja kazi yenyewe: kufungua risasi moja moja, kutoa baruti, kuianika, kuirudisha. Jamani, baruti inaanikwa kama dagaa, jua hili hili la Tanga! Kisha masanduku yakapanda vichwani mwa wapagazi, babu zetu, kwenda bara kwenye vita isiyowahusu.

Kule ninakokaa, si mbali na kwangu, kuna Port Chicago, iliyokuwa bandari ya jeshi la majini la Marekani. Julai 17, 1944 mabomu yaliyokuwa yakipakiwa melini yalilipuka, watu 320 wakafa. Wengi ni wanamaji weusi, kazi ya kupakia walipewa bila mafunzo ya maana. Wenzao walionusurika wakagoma kupakia tena, 50 wakahukumiwa kwa uasi. Wamefutiwa hatia juzi tu, 2024. Inaniuma sana ile habari. Lakini marehemu wale majina yao yamechongwa kwenye mawe pale, yote 320.

Wa Manza je? Nahodha wa Rubens namjua, Christiansen. Von Lettow, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, kila mtu anamjua. Mpagazi hata mmoja simjui jina.

Kwa hiyo wewe wa Mkinga, wa Moa, wa Tanga mjini: kama nyumbani kuna bibi aliyesikia babu yake alibeba masanduku ya Manza, nenda leo ukae naye, washa simu, umrekodi. Jina, kijiji, alirudi au hakurudi. Nitumie. Niko hapa hadi mwisho wa mwezi, na nitakuja mwenyewe.