Kabla ya kununua kamera, jua unataka kuona nini

Haya wenzangu, wale wa nyuma sogeeni kidogo, maiki hii haina nguvu. Kabla sijagusa aina za kamera niseme kitu kinachonikera: mtu akija kuulizia kamera za ulinzi swali lake la kwanza ni megapikseli ngapi. Hajaniambia anataka kuona nini! Kujua kuna mtu kapita uani ni kazi moja, kumjua sura mpaka useme ni fulani ni kazi nyingine kabisa.

Tupige hesabu basi. Kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kamera za ulinzi, IEC 62676-4, kwenye toleo lake la 2014 kilitaka kama pikseli 250, yaani vinukta vya picha, kwa kila mita ya upana wa eneo ili uweze kumtambua mtu usiyemjua, wakati kugundua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 zinatosha. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, gawa kwa 250 unapata mita 7 na ushee, basi, hapo ndo mwisho wa sura. Sasa wewe umefunga lenzi ya milimita 2.8, ile inayoona pana, na ukisogea mita 10 tu inameza upana wa mita zaidi ya 15, kwaiyo mwizi unamuona kabisa kabeba runinga, ana koti, ana kofia, ila uso ni ukungu mtupu. Ndo maana getini unaweka lenzi ya milimita 6 au hata 12 na uwanja unauachia ile pana.

Maumbo ya kamera sitakaa nayo sana. Domu, ile ya duara kama bakuli, inakaa darini na si rahisi kujua imeelekea wapi, buleti, ile ndefu kama bomba, inaonekana wazi na hiyo nayo inatisha watu, PTZ inazunguka na kuvuta picha, nzuri kama kuna mtu amekaa anaiendesha, la sivyo tukio linatokea kushoto yenyewe inaangalia kulia. Usiku zinatumia taa za infraredi, mwanga ambao jicho halioni vizuri: za nanomita 850 ukiziangalia utaona kawekundu kidogo, za 940 huoni kitu ila hazimuliki mbali vile. Na jamani, buibui! Akijenga mbele ya lenzi ile taa inaupiga utando, picha yote inakuwa nyeupe, na kama umeset irekodi kukiwa na mwendo tu basi usiku kucha inamrekodi buibui.

Kwenye rekoda watu wanachanganya sana. Kuna aina mbili: DVR inapokea picha ya analogi kwa kebo ya koaksia, ile kama ya antena ya TV, na kazi ya kuibana picha isile nafasi inafanyika ndani ya boksi, NVR inapokea kutoka kamera za IP, yaani za netiweki, ambazo zimeshaibana zenyewe, na kwa PoE, yaani umeme kupitia kebo ya netiweki, kebo moja ya netiweki inabeba picha na umeme mpaka mita 100. Kama ukutani tayari una koaksia nzima usiing'oe, kamera za analogi za HD, zile zinazoandikwa TVI, CVI au AHD, zinapita humohumo. Zile za waifai zenye memori kadi ndani ni rahisi kufunga, ila mwizi akiing'oa kamera kaondoka na ushahidi wake.

Kaka ameuliza hadidiski ya ukubwa gani. Chukua kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde, mfululizo, hiyo ni kama GB 43 kwa siku, kamera nne siku 30 ni TB 5 na kitu. Ukibadilisha njia ya kubana picha, ukatoka H.264 kwenda H.265 iliyo mpya zaidi, unaweza kuokoa karibu nusu, inategemea picha ina mwendo kiasi gani. Na nunua diski iliyotengenezwa kwa kamera, ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika usiku na mchana.

La mwisho, paswedi ya kiwandani badilisheni sikuhiyohiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilijaza jeshi lake kwa kamera na rekoda za watu kwa kujaribu paswedi hizohizo tu, na mwezi wa 10 zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, mpaka Twitter ikawa haifunguki kwa watu wengi. Alafu saa ya rekoda iwekeni sawa, maana ikisoma saa 8 usiku kumbe tukio lilikuwa saa 5, mtaishia kubishana kuhusu saa na mwizi mmemsahau.