Dhahabu ya maabara: naomba niwajibu leo

Habari zenu ndugu zangu. Narekodi hii kwa sababu kila wiki swali ni lilelile: "Kaka, kutwa tunakuona na dhahabu huko Ujerumani, mbona nyumba ya mama haijaezekwa?" Sijisifu, na wala silii njaa. Nisikilizeni tu.

Dhahabu yenyewe ni hii. Kibamba cha ulanga, yale madini yanayobanduka kwa tabaka nyembamba, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, kimepakwa dhahabu yenye unene wa nanomita 100 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). Ukiikwangua yote hupati hata miligramu moja. Watu wa Geita mmeshanielewa.

Kazi yangu ni kinachotokea juu yake. Nakitumbukiza kibamba kwenye alkoholi yenye molekuli za thayoli, nakiacha usiku kucha. Kila molekuli ina kichwa cha salfa na mkia wa kaboni, na salfa ikigusa dhahabu inang'ang'ania. Dakika chache tu uso umejaa, lakini shaghalabaghala. Halafu, saa baada ya saa, mikia inaanza kuegemeana, yote inainama upande mmoja kwa nyuzi kama 30, vichwa vimeachana nusu nanomita. Hakuna aliyezipanga! Atomu za dhahabu chini zimekaa kwa mpangilio, na molekuli zinaufuata. Iliyokaa vibaya inasogea mpaka ipate mahali pake. Wanakemia Nuzzo na Allara walifungua njia hii mwaka 1983, na mimi hadi leo nikiona zile safu kwenye hadubini, zimebanana kama ukili wa bibi, nasahau hata kula.

Sasa hela. Kabla ya viza nilitakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, nikiruhusiwa kutoa 992 tu kwa mwezi. Ukoo ulinichangia, na baba mkubwa alikopa. Kisha kibali cha kukaa kikakaribia kuisha, ofisi ikanipa miadi ya miezi minne mbele. Katikati hapo baba mdogo akafariki. Niliogopa kutoka, nisije nikazuiwa kurudi. Mazishi yake nimeyaona kwenye simu, na hilo bado linaniuma.

Unayetaka kuja kusoma kemia, sikuiti wala sikuzuii. Mwenzangu wa maabara kibali alikipata kwa wiki mbili. Haya ni yangu mimi.

Mama, kama unatazama, mabati ni mwezi wa nane, nikishamrudishia baba mkubwa hela zake.