Kuhamisha laptopu yako kutoka Windows 10 kwenda Windows 11

Karibuni. Video hii ni ya mwanafunzi au mfanyakazi wa chuo mwenye laptopu yake binafsi ambayo bado inatumia Windows 10. Kama kompyuta ni mali ya chuo, ile yenye kibandiko cha namba ya mali, iache. Kitengo cha TEHAMA ndicho kitakachoishughulikia, na hata ukijaribu mwenyewe huenda ukakwama pale inapodai nenosiri la msimamizi.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inawaka vizuri tu, hati zinafunguka, lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena, na laptopu hiyohiyo ndiyo unayoiunganisha na mtandao wa chuo.

Twende. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kisha bonyeza herufi R. Umeona kisanduku kilichotokea chini kushoto? Andika winver, bonyeza Enter. Ukikuta toleo 22H2, hilo ndilo la mwisho la Windows 10, tuendelee. Ukikuta la zamani zaidi, malizia kwanza masasisho yaliyokuwa yanasubiri.

Sasa pakua programu ya PC Health Check kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, si kwingineko. Ifungue, bofya kitufe cha bluu cha kukagua kama laptopu inafaa kwa Windows 11. Inaangalia RAM (kumbukumbu ya kazi) isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, Secure Boot (kinga inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka), TPM 2.0 na prosesa. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida zinazokubalika ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Hizo GB 4, niwaambie ukweli, ni za kwenye karatasi. Fungua kivinjari na hati mbili tu, utaanza kusubiri. Mimi nasema anzia GB 8.

Mara nyingi kinachogoma ni TPM. Hii ni sehemu ya kompyuta inayotunza funguo za usimbaji, yaani kufunga data isisomeke bila ufunguo, na katika laptopu nyingi ipo ila imezimwa. Huwashwa kwenye mipangilio ya UEFI, ile programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, ambako kompyuta za Intel huiita PTT na za AMD huiita fTPM.

Lakini simamisha video hapa. Usiingie huko kabla hujapata ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski. Laptopu nyingi zimesimbwa bila mwenyewe kujua. Ukigusa mipangilio ya UEFI, kompyuta inaweza kuwaka na skrini ya bluu inayodai namba yenye tarakimu 48, zimepangwa katika mafungu 8 ya tarakimu sita sita. Huna namba, huna faili. Hata sisi wa TEHAMA hatuna mlango wa nyuma. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, au ya chuo kama ndiyo uliyotumia kusajili laptopu, nenda kwenye orodha ya vifaa, tafuta ufunguo huo na uuandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, umeufungia ndani.

Tukiwa hapohapo, nakili faili zako kwenye diski ya nje au OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kisha fungua mbili tatu ukitumia kifaa kingine, uone kama zinasomeka. Kawaida faili hazipotei wakati wa kuhama, ila tasnifu ya miaka mitatu haiachiwi neno "kawaida". Na wiki ya mitihani si wakati wa kazi hii. Hakikisha pia kwamba programu unazozitegemea, za takwimu au za mitihani, zinafanya kazi kwenye Windows 11.

Hatua yenyewe ni fupi. Chomeka chaja. Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, ingia Windows Update, kagua masasisho. Windows 11 ikitokea, bofya kitufe cha kupakua na kusakinisha. Mzigo wake ni wa GB kadhaa, kwa hiyo usitumie bando la simu. Baadaye kompyuta itajiwasha upya mara kadhaa, na asilimia zinaweza kuganda muda mrefu. Usizime.

Ikishawaka, utaona menyu ya Anza imehamia katikati. Isikusumbue, inarudishwa kushoto kwenye mipangilio ya upau wa kazi. Jaribu haraka Wi-Fi, VPN, printa na kamera, kwa sababu una siku 10 tu za kurudi Windows 10 kupitia sehemu ya Urejeshaji kwenye Mipangilio. Ndani ya siku hizo, usifute folda ya Windows.old, inayotunza Windows yako ya zamani, hata kama imejaza diski.

Na kama prosesa imekataliwa? Achana na zile mbinu za kuilazimisha. Microsoft haitoi hakikisho kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama kazi zako ni kivinjari na kuandika, Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, itaipa laptopu hiyo miaka mingine.

Ukikwama na msimbo wa hitilafu unaoanza na 0x, upige picha kwa simu, kisha njoo dawati la msaada na laptopu, chaja, na ile karatasi ya tarakimu 48.