Furaha Haingoji Bati

(Mazungumzo na walimu wa shule za msingi na sekondari, jijini Mbeya, mwezi wa saba)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo? Nashukuru mmekuja. Kwa baridi hii, mtu kuacha blanketi Jumamosi asubuhi ili akasikilize mhadhara ni upendo.

Naomba walimu wenye nyumba ambayo haijaezekwa wanyooshe mikono. Msingi tu nao unahesabika. Naona… ni karibu ukumbi mzima. Haya, shusheni, sijaja na bati. (Kicheko.)

Nimeuliza kwa sababu ukikaa na watumishi wa mji huu, kuanzia Uyole mpaka Iyunga, maneno ni yale yale: nikiezeka nitapumzika, nikipanda daraja nitapumua, mkopo ukiisha ndipo nitaanza kuishi. Jengeni, sina ugomvi na ujenzi. Ugomvi wangu ni kwamba furaha yote tumeipeleka mbele, na hizi siku za katikati tunazipita kama vituo ambavyo basi halisimami.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani, Philip Brickman, na wenzake wawili waliwahoji watu 22 walioshinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Wakawalinganisha na watu wa kawaida ambao hawakushinda kitu. Wengi mmesikia matokeo yake: washindi hawakuwa na furaha kuwazidi wenzao kwa kiwango cha maana. Kuna sehemu ambayo haisimuliwi sana, na kwangu ndiyo nzito. Waliulizwa pia wanavyofurahia mambo madogo, kama kuongea na rafiki, kupata kifungua kinywa, kusikia kichekesho au kusifiwa. Hapo washindi walikuwa chini. Lile jambo kubwa liliyapunguzia ladha madogo yote. Watu 22 ni wachache, najua. Walimu wa hisabati msinitazame hivyo.

Mwaka 1991 Ed Diener, naye akiwa Illinois, pamoja na wenzake wakaeleza hivi: ukitaka kujua kama mtu ana furaha, hesabu ni mara ngapi anajisikia vizuri, usihangaike kupima raha ilikuwa kubwa kiasi gani siku ilipomjia. Vitu vidogo vinavyorudi mara kwa mara vinashinda sherehe moja ya mwaka. Kwa hiyo swali langu kwenu leo ni dogo: jana ulijisikia vizuri mara ngapi?

Mimi nianze na kuota jua.

Wageni kutoka Dar es Salaam wanatushangaa. Kwao jua linakimbiwa, sisi tunalifuata ukutani. Saa nne, kengele ya mapumziko ikigonga, ofisi ya walimu inabaki tupu. Wote wamejipanga nje kwenye ukuta, kikombe cha chai ya rangi mkono mmoja, kiazi cha kuchemsha mkono wa pili, migongo imeegemea matofali yaliyoanza kupata moto. Hakuna aliyeitisha kikao, lakini pale ndipo utajua nani anaoza binti, nani mtoto wake anaumwa, na bei ya mbolea imefika wapi. Mwalimu mkuu naye yumo, na kwa dakika hizo hana cheo. Kengele ya pili ikigonga, kila mmoja anaiba dakika moja zaidi. Msikatae, nimewaona. (Kicheko.)

Kwa nini hatulichoki? Binadamu anazoea kila kitu, hata raha. Redio mpya, kiti kipya, simu mpya: baada ya wiki chache huvioni tena. Lakini jua la Mbeya halikupi nafasi ya kulizoea. Leo lipo, kesho ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza na mnakunywa chai ndani mmejikunja. Kukosa ndiko kunakolinda ladha. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walichapisha jaribio la chokoleti: waliotakiwa kukaa wiki nzima bila kuila waliifurahia zaidi walipoionja tena kuliko wale waliopewa nyingi ili wale watakavyo.

Sisi wa nyanda za juu tungeweza kuwaambia hayo bila maabara. Mahindi mabichi ya kuchoma yangekuwepo mwaka mzima, nani angeyangoja? Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake yanachanua msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na ndipo watu wanakubali matope na baridi ya kule juu ili wayaone. Yangechanua mwezi wa saba kama mwezi wa pili, nadhani tungepita na magari bila kushusha kioo.

Basi jitengenezee misimu. Chai yenye maziwa na tangawizi iwe ya siku fulani, siku nyingine kunywa ya rangi. Nyimbo unazozipenda zaidi zisiwe zile zinazokuamsha kila alfajiri, utazichukia. Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa, wote tuna chakula fulani kinachotukumbusha nyumbani; usikipike kila Jumapili.

Simu nitaipitia haraka, maana mnasemwa kila mahali. Utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa mwaka 2010 uliwafuatilia watu wazima 2,250 kwa njia ya simu hizo hizo. Asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yao hayakuwa kwenye kile walichokuwa wakifanya, na wakati huo furaha yao ilikuwa ndogo zaidi. Kikombe kimoja tu kwa siku, kinywe simu ikiwa ndani ya mkoba.

Chicago, mwaka 2014, Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni waongee na mtu wasiyemjua. Abiria wengine, walioulizwa watabiri tu, walidhani safari ya maongezi itakuwa mbaya kuliko ya kukaa kimya. Walioongea walisema safari ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya. Hapa Mbeya hatuhitaji kuombwa, mtasema. Zamani ndiyo. Leo panda daladala ya kwenda Mwanjelwa uhesabu spika za masikioni. Sikulazimishi kumsimulia konda maisha yako. Muulize mama aliyekaa pembeni yako ndizi hizo ni za Tukuyu au za wapi, halafu umwache yeye aendelee. Ataendelea.

Na kutoa. Utafiti wa mwaka 2008 uliwapa watu dola 5 au 20. Waliotakiwa kuzitumia kwa ajili ya mtu mwingine walimaliza siku na furaha kuliko waliojinunulia kitu, na kiasi hakikuwa na tofauti. Mwaka 2013 watafiti wakaangalia Kanada na Uganda, sura ikawa ile ile. Sizungumzii kadi za michango ya harusi, hizo ni kodi. (Kicheko kirefu.) Nasema kumnunulia mwenzako andazi bila yeye kutarajia.

Kuna mkono kule nyuma. Karibu, mama.

Mwalimu anauliza: "Haya yote ni kwa mtu ambaye mambo yake yako sawa. Mshahara umeisha tarehe kumi, jua litanisaidia nini?"

Halitalipa ada, mama yangu. Anayekwambia uridhike na jua ili usidai haki yako, mkatae. Dai haki yako, na jua uliote. Moja halizuii jingine.

Ila swali lako limenigusa upande mwingine. Wapo wenzetu wanaosimama ukutani saa nne na wasisikie chochote. Chai haina ladha, watoto hawamfurahishi, usingizi umekatika. Hali hiyo ikidumu siku nyingi, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, yaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Mtu huyo usimwambie ajichangamshe, msindikize hospitali. Na mwambie mapema: daktari akimuuliza anaumwa nini, asiseme kichwa na uchovu tu, kama tulivyozoea, akarudi na panadol. Aseme kwamba vitu alivyokuwa akivipenda havimfurahishi tena, na tangu lini.